Dhahabu Iliyo Kwenye Simu Mbovu: Mutuka Tufanye Nini, na Tusifanye Nini

*Mada iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya wana-Mutuka, na mwanachama ambaye ni fundi wa vifaa vya kielektroniki*



Kamati imenipa dakika ishirini, na nimeonywa kwamba nikizidisha, pilau litapoa na lawama zitakuwa zangu. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nimeombwa kuzungumzia mali iliyo kwenye chipu na bodi chakavu: za simu, kompyuta, redio, ving'amuzi na televisheni. Nitasema mambo matatu. La kwanza, kwamba dhahabu, madini ya fedha na shaba zimo kweli ndani ya vitu hivyo, si hadithi. La pili, kwamba njia ambayo baadhi ya vijana wetu wameanza kuijaribu, njia ya moto na tindikali, inatoa kidogo sana na inaharibu mwili taratibu. La tatu, kwamba ipo sehemu ya kazi hii inayoweza kufanyika hapa Mutuka kwa bisibisi, mzani na daftari, ikampa kijana kipato bila kumwumiza mtu. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo tunayoomba mtuchangie leo.

Taka hizi zimetoka wapi

Wazee mtakumbuka mwisho wa mwaka 2012, nchi ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam. Tukaambiwa tununue ving'amuzi. Baada ya hapo zikaja televisheni bapa, na zile za chogo zikahamia stoo, kisha uwanjani, mahali pengine zikageuka viota vya kuku. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikazima simu bandia. Watu wengi waliamka asubuhi simu haipigi wala haipigiwi. Simu zile hazikuyeyuka. Nyingi zipo hadi leo, kwenye makabati, kwenye makopo ya vifungo na sindano, na chini ya vitanda.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu zilizokuwa zikitumika nchini zilizidi milioni 70. Najua mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu, lakini hata ukigawanya, hizo ni simu nyingi, na kila simu ina siku yake ya kufa. Duniani kote, ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inasema taka za kielektroniki zilizozalishwa mwaka 2022 zilifika tani milioni 62, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Kwa Afrika haikufika hata asilimia moja.

Kwa hiyo tunapozungumza habari hii, kila mmoja wetu aliyeketi hapa anahusika. Ukirudi nyumbani fungua droo moja tu, utaniambia.

Kuna nini ndani

Fungua simu mbovu. Utakuta bodi, ile sahani nyembamba ya kijani au nyeusi. Juu yake kuna vipande vyeusi vyenye miguu midogo midogo. Hivyo ndivyo tunaviita chipu, au aisii kwa lugha ya mafundi. Ndani ya chipu kuna kijipande cha silikoni, na kutoka kwenye silikoni hadi kwenye miguu hupita nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kwa miaka mingi nyuzi hizo zilikuwa za dhahabu. Sababu ni ya kifundi tu: dhahabu haishiki kutu, inapitisha umeme vizuri, na inavutika ikawa nyembamba bila kukatika.

Dhahabu nyingine imepakwa juu ya sehemu zinazogusana. Toa laini yako kwenye simu uitazame: ule mng'ao wa manjano ni utando wa dhahabu, mwembamba mno. Madini ya fedha yapo kwenye lehemu na kwenye swichi. Kuna pia paladiamu, madini ya thamani kubwa yaliyo ndani ya vikapasita vidogo kama punje za ulezi. Na bodi yenyewe imejaa shaba: zile njia za umeme unazoziona juu, na matabaka mengine yaliyofichwa katikati ya bodi ambayo huyaoni.

Sasa kiasi gani? Wataalamu wa viwanda vinavyoyeyusha taka hizi walichapisha vipimo miaka kadhaa iliyopita. Simu moja ilikuwa na wastani wa miligramu 24 za dhahabu, miligramu 250 za madini ya fedha, miligramu 9 za paladiamu na gramu 9 za shaba. Tani nzima ya simu, betri zikiwa zimetolewa, ilikuwa na takriban gramu 340 za dhahabu, kilo tatu na nusu za madini ya fedha, gramu 140 za paladiamu na kilo 130 za shaba.

Linganisheni na mgodi. Migodi mikubwa kama wa Geita inasaga tani moja ya mwamba kupata gramu chache tu za dhahabu. Tani ya simu ni tajiri kuliko tani ya mwamba mara nyingi. Ndiyo maana Wajapani, walipokuwa wakiandaa Olimpiki ya Tokyo ya 2020, waliwaomba wananchi walete vifaa vyao vya zamani. Zilikusanywa tani karibu 79,000 za vifaa vidogo, zikiwemo simu zaidi ya milioni sita, na humo zikatoka kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za madini ya fedha na kilo 2,200 za shaba nyeusi. Medali zote za mashindano, kama 5,000 hivi, zilitengenezwa kwa madini hayo.

Sisi wa Manyara hatuhitaji kufundishwa kwamba kitu kidogo kinaweza kubeba thamani kubwa. Tuna Mererani. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni saba, na nchi nzima ikamjua. Lakini hapo ndipo ninapotaka tuwe waangalifu. Tanzanaiti inaweza kumtajirisha mtu kwa jiwe moja. Dhahabu ya chipu haiwezi. Hakuna chipu moja itakayomfanya mtu bilionea. Hii ni mali ya haba na haba, na kibaba chake ni kikubwa.

Hesabu ambayo video haionyeshi

Vijana wengi wameona video kwenye simu zao: mtu anaweka chipu kwenye chombo cha kioo, anamimina tindikali, kinatoka kitu kama tope, anayeyusha, na mwisho anashika kitonge cha dhahabu kinachong'aa. Kijana mmoja wa hapa nyumbani alinionyesha, akaniuliza, "Shikamoo bro, hii ni kweli?" Nikamwambia marahaba, ni kweli, lakini tupige hesabu kwanza.

Tuseme gramu moja ya dhahabu ni shilingi laki mbili. Bei halisi hupanda na kushuka. Hiyo ni ya kupigia hesabu tu. Miligramu 24 za simu moja zinakuwa shilingi 4,800, kama hata chembe haikupotea. Lakini zinapotea. Utafiti uliofanywa Bangalore nchini India kwa watu wanaotoa dhahabu kwa tindikali nyuma ya nyumba ulionyesha kwamba walikuwa wanapata kama robo tu ya dhahabu iliyomo, wakati kiwanda kamili hupata zaidi ya asilimia 95. Kwa hiyo kijana mwenye simu kumi atapata dhahabu ya shilingi elfu kumi na mbili. Hapo hajatoa gharama ya simu zenyewe, tindikali, vyombo na mkaa. Fedha na paladiamu amezimwaga pamoja na maji machafu.

Kuna jambo jingine. Wengi wa hao wa kwenye video wanatumia chipu za kompyuta za zamani sana, zile zenye mgongo wa kauri na dhahabu nyingi. Hizo huku kwetu ni adimu. Na kwa miaka ya karibuni viwanda vingi vimeacha nyuzi za dhahabu vikaweka za shaba ili kupunguza gharama. Chipu mpya inafanana na ya zamani kwa nje, lakini tumboni si ile.

Ili kufikia zile gramu 340 unahitaji kama simu 14,000. Kijana mmoja hawezi kuzipata. Mtaa mmoja hauwezi. Watu wengi wakikusanya pamoja, kwa muda, wanaweza.

Moto na tindikali vinafanya nini

Ndugu zangu, sehemu hii naomba akina mama na wazazi mnisikilize kwa makini.

Kijana anayechoma waya ili apate kopa anachoma plastiki. Plastiki ya waya ina klorini. Ikiungua pamoja na shaba inatengeneza sumu zinazoitwa dayoksini, na shaba yenyewe ndiyo inayosaidia sumu hiyo itengenezeke. Haina rangi ya kutisha. Inashuka na majivu, inakaa kwenye udongo miaka mingi, na kuku anayechakura pale anaila. Huko Agbogbloshie, Accra, nchini Ghana, ambako nyaya na vifaa vilichomwa kwa miaka mingi, watafiti mwaka 2019 walipima mayai ya kuku wa kienyeji wa eneo hilo. Walikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu, anavuka mara 220 kiwango cha dayoksini ambacho Ulaya inakiona kuwa mwisho wa usalama kwa siku. Yai moja. Na sisi hapa kuku wetu wanachakura kila mahali.

Kijana anayeyeyusha lehemu juu ya jiko la mkaa anaifukiza nyumba yake kwa madini ya risasi. Lehemu ya vifaa vya zamani zaidi ya theluthi yake ni risasi. Vumbi na moshi wake hushika kwenye nguo, kwenye mikono, kwenye godoro. Mtu mzima anaumia, lakini mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu risasi hushambulia ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwenye mji wa Guiyu, kusini mwa China, ambako familia nyingi zilikuwa zikichambua bodi majumbani, watoto 165 walipimwa damu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wamevuka kiwango cha risasi kilichotumika wakati ule. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kugusa bodi. Walikuwa wanaishi tu pale.

Na tindikali. Ile inayotumika kwa dhahabu ni kali kuliko maji ya betri mnayoyajua, na inapofanya kazi hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Mtu akiuvuta anaweza kukohoa kidogo, akajiona mzima, akala chakula chake cha jioni, halafu usiku mapafu yakaanza kujaa maji. Ikibaki, ile tindikali imebeba shaba, risasi na nikeli zilizokuwa kwenye bodi. Inamwagwa wapi? Nyuma ya nyumba. Mvua ya masika ikija inaingia kwenye mahindi, kwenye mbaazi, na kwenye visima.

Sisemi haya kuwashtaki vijana wetu. Kijana anayechoma waya si mhalifu. Anatafuta hela ya unga. Ukimwambia "acha" bila kumpa njia nyingine, atahamia mahali usipomwona. Mimi nimekuja kuzungumzia hiyo njia nyingine.

Wakubwa wanafanyaje

Mtu atauliza: kama njia ya jikoni ni mbaya, kwa nini chama kisijenge mtambo wake? Ni swali zuri, na nitalijibu kwa kueleza mtambo unavyofanya kazi.

Huko Hoboken, Ubelgiji, kuna kiwanda cha kampuni ya Umicore, na huko Rönnskär, Uswidi, kuna cha kampuni ya Boliden. Viwanda vya aina hii huingiza bodi kwenye tanuru kubwa zenye joto la zaidi ya nyuzi elfu moja. Shaba ikiyeyuka huwa kama basi: dhahabu, fedha na paladiamu hupanda ndani yake na kusafiri nayo, wakati uchafu unaelea juu na kuondolewa. Shaba hiyo humiminwa ikawa mabamba, mabamba yakawekwa kwenye maji yenye tindikali na kupitishiwa umeme. Umeme unahamisha shaba safi upande mmoja, na madini ya thamani yanabaki chini kama tope. Tope hilo ndilo linalosafishwa kupata dhahabu. Moshi wote hupitishwa kwenye mitambo ya kuusafisha, na mitambo hiyo ni sehemu kubwa ya gharama ya kiwanda.

Kiwanda cha namna hiyo kinahitaji maelfu ya tani kila mwaka ili kijilipe. Ndiyo maana ni vichache duniani. Majirani zetu wanalijua hilo. Nairobi kuna kituo cha WEEE, na Rwanda wana kituo wilayani Bugesera. Vituo vya namna hii hukusanya, hubomoa na kupanga. Bodi zenyewe kwa kawaida hupelekwa ng'ambo kwa wenye tanuru. Kama Nairobi yenye mamilioni ya watu inaishia kwenye kubomoa na kupanga, Mutuka haina sababu ya kuona haya kuanzia hapo.

Sehemu yetu: kukusanya, kubomoa, kupanga, kupima

Sasa niwarudishe kwenye kitu mnachokijua kuliko mimi: mbaazi.

Mkulima akipeleka mbaazi zenye mawe, makapi na mbegu za kila aina, mnunuzi anampangia bei ya chini na kusema, "Nitazipepeta mwenyewe." Zikiwa zimepepetwa, zimekauka, zimepangwa na ni nyingi, mkulima anazungumza kwa sauti. Bodi ni vivyo hivyo. Leo mnunuzi wa skrepa anapita na mzani wake, anachukua simu, redio na pasi kwa bei moja ya chuma chakavu, kwa kilo. Anayejua tofauti ni yeye. Faida ya kujua inabaki kwake.

Kazi tunayoipendekeza ni hii. Vijana watakaofundishwa watapokea vifaa vibovu, watavifungua kwa bisibisi na koleo, na kuvitenga kwa madaraja. Bodi za simu na za kompyuta ni daraja la juu, zinakaa peke yake. Bodi za redio, ving'amuzi na televisheni ni daraja la chini, zina shaba zaidi kuliko dhahabu. Waya zinachunwa kwa kisu au kwa mashine ya mkono, hazichomwi. Kopa iliyochunwa inang'aa, na huuzwa bei nzuri kuliko iliyoungua. Chuma, alumini na plastiki kila kimoja na gunia lake. Chipu hazing'olewi kwenye bodi. Mnunuzi mwenye kibali anaitaka bodi nzima, na kuzing'oa ndiko kunakoleta moshi wa risasi.

Betri za simu zinawekwa mbali, kavu, kwenye ndoo yenye mchanga, na hazitobolewi. Betri iliyovimba inaweza kulipuka. Televisheni za chogo hazivunjwi, kwa sababu kioo cha moja tu kinaweza kuwa na zaidi ya kilo nzima ya risasi. Nani anazichukua, na kwa gharama gani, ni sehemu ngumu ya kazi hii ambayo haina faida, na lazima tuiwekee fungu tangu mwanzo, la sivyo tutaishia kuzirundika.

Kisha tunapima, tunaandika, tunahifadhi. Ikifika shehena ya kutosha, inauzwa kwa kampuni yenye kibali. Ni kama ghala la mazao: mmoja mmoja hatuna tani, tukiweka pamoja tunayo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hapa lina kazi mbili. Kwanza, kila anayeleta mzigo anaandikwa jina, tarehe na kilo. Pili, linatukinga na kopa ya wizi. Sote tunajua nyaya za umeme na za simu zinavyohujumiwa. Kituo chetu kikipokea waya usio na maelezo, tutakuwa tumejenga soko la wezi kwa michango ya wazee wetu. Asiyetaka kuandikwa, asipokelewe.

Sheria

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za taka za umeme na kielektroniki zilitoka mwaka 2021. Kukusanya, kuhifadhi na kusafirisha taka hizi kunahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira. Kuzivusha mpaka ni jambo zito zaidi. Nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Basel, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza kwa maandishi. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba barabara yetu inakwenda hadi Namanga, tupakie kwenye lori tuuze Nairobi. Hiyo itatufikisha mahakamani.

Ombi langu kwa kamati, na nimeomba liandikwe kwenye muhtasari, ni kwamba kituo kisinunue hata kilo moja kabla ya kibali kutoka. Tuanzie kwa Ofisa Mazingira wa Halmashauri ya Mji wetu, tupande ngazi moja baada ya nyingine.

Nijibu maswali mawili kabla hayajaulizwa

La kwanza: "Vijana watakula nini wakisubiri tani ijae?" Hili ndilo lililoua vikundi vingi vizuri. Kijana hawezi kusubiri miezi sita. Ndiyo maana fungu kubwa la maombi yetu ni mtaji wa kununulia. Kijana analeta mzigo, unapimwa, analipwa siku hiyo hiyo. Chama ndicho kinachosubiri tani, kwa sababu chama kina mgongo mpana kuliko wake.

La pili: "Na bei ikianguka?" Itaanguka siku moja. Tunakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi kutoka nje, na magunia yakabaki majumbani hapa Babati. Bei ya shaba na dhahabu nayo inapangwa mbali na sisi. Kinga yetu ni kutonunua kwa bei ya kushindana, kutokopa ili tununue, na kuwa na mnunuzi zaidi ya mmoja. Bodi ina jambo moja jema: haioti wadudu. Inaweza kukaa kavu ghalani ikisubiri bei.

Sitawaahidi utajiri. Kazi hii, ikienda vizuri, itawapa vijana wachache kazi ya heshima, itawapa wengine wengi mahali pa kuuza bila kudhulumiwa, na itaondoa moshi nyuma ya nyumba zetu. Hata ikilipa kidogo tu, hilo la mwisho linatosha kunifanya nichangie.

Tunachoomba

Gharama zote zimo kwenye ukurasa wa bajeti wa kijitabu hiki. Mimi nitataja vitu tu, ili mkitoa mjue mnatoa kwa ajili ya nini. Tunaomba chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na paa lisilovuja, kwa sababu bodi ikilowa inachuruza sumu kwenye udongo. Tunaomba meza mbili, seti za bisibisi, mashine ya mkono ya kuchuna waya, na mzani uliopimwa na Wakala wa Vipimo. Tunaomba glovu, barakoa, miwani ya kukinga macho, maji na sabuni, ili kijana anawe na kubadili nguo kabla ya kwenda kumbeba mtoto wake. Tunaomba ada ya kibali na ya mafunzo. Na tunaomba mtaji wa kununulia, utakaosimamiwa na watu watatu wasio wa ukoo mmoja, hesabu zake zikichapishwa kwenye kijitabu cha mwakani: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, shilingi zilizolipwa, na kwa nani tumeuza.

Kuna mchango mwingine usiohitaji pesa. Ninyi mnaofanya kazi maofisini, mashuleni na kwenye makampuni, mnajua kompyuta zilizorundikwa stoo. Ulizeni taratibu za kuziondoa, na kituo kikishapata kibali mtutaje. Na kila mmoja wetu, kituo kikifunguliwa, alete simu zake mbovu. Toa laini, toa kadi ya kumbukumbu, futa picha zako kama simu bado inawaka, kisha ilete. Usimpe mtoto achezee, na usiitupe kwenye moto wa takataka.

Kwa vijana wetu mliopo hapa: yeyote ambaye leo anachoma waya au anajaribu tindikali, nitakuwa pale chini ya mwembe baada ya chakula. Njoo tuzungumze, hakuna atakayekuandika jina. Ninachotaka ni wewe uwe wa kwanza kufundishwa, kwa sababu tayari unajua mizigo inapatikana wapi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wanachama, bahasha ziko mezani na mweka hazina yuko tayari na stakabadhi. Anayetoa ahadi aandike na tarehe.